Jinsi ya kusikiliza kipindi cha habari za dunia redioni kikakuingia kweli

Kwanza jua saa yake. Vituo vya kimataifa vingi vinatoa ratiba kwa GMT (saa ya Greenwich, Uingereza), so piga hesabu ya saa za kwako, na ujue nchi zinazobadilisha saa majira ya joto zinaweza kukusogezea kipindi lisaa lizima.

Kama unatumia masafa mafupi (yale ya SW kwenye redio), mchana jaribu bendi za mita 19 au 16, usiku hamia mita 41 au 49, manake mawimbi yanadunda kwenye tabaka la juu la anga na hilo tabaka linabadilika jua likizama. Sogea dirishani, vuta antena yote. Ikigoma, pakua podikasti, yaani kipindi kilichorekodiwa kikawekwa mtandaoni.

Sasa kusikiliza kwenyewe, hapa ndo penye utamu. Weka ramani karibu, nchi ikitajwa itafute uone inapakana na nani, maana vita na biashara nyingi huwezi kuzielewa bila kujua mipaka, bandari iko wapi, mto unapita kwa nani. Na usizime ikifika sehemu ya utamaduni jamani! Wengi wanaondoka hapo, wakati mshairi au mwanamuziki akiongelea nchi yake anakupa kitu ambacho waziri hawezi kukupa.

Habari ikikugusa isikilize na kwa kituo kingine. BBC kwa Kiswahili wapo tangu 1957, DW, redio ya Ujerumani, nao wana idhaa ya Kiswahili, linganisha nani kahojiwa na nani kaachwa.