Kupiga esabu ya puli ju mashini ya unga izunguke vizuri

Ndugu zangu wenye mashini za unga hapa Goma, mbele ya kuenda kununua puli (ile gurudumu yenye kuvuta mukaba) ku Birere soma kwanza kale ka plaki ka ku moteri. Tuseme kanaandikwa 1450, hiyo ni mizunguko ya dakika moja. Sasa pima puli ya moteri toka upande moja mpaka ingine kwa kupita katikati, tuseme iko na santimetre 20, unazidisha 1450 mara 20 unapata 29000, hiyo namba uichunge. Mashini yako inaomba 2500? Gawanya 29000 kwa 2500, inatoka 11,6, njo santimetre za puli ya mashini, zenye kupimwa vilevile kwa kupita katikati, ukikosa hiyo kamata 12, itazunguka kama 2417, haina shida.

Lakini usikamate 8! Mie nilifanya vile, ikapanda mpaka 3625, mashini yote ikatetemeka, rulma (zile zinashika shafti izunguke) zikaungua na unga ikakuwa inatoka ya moto mukononi. Puli ndogo ku mashini inaongeza mbio, kubwa inapunguza.

Na kama mukaba ni wa V, puli usiipimie ku mdomo, ipimie pale mukaba wenyewe unakalia. Mukaba ukilegea unateleza, mbio inapunguka kidogo.