Somo: Kupanga daraja la hatari ya kemikali iliyomwagika mtoni

Tarehe 9 Januari 2014, MCHM, kemikali ya kusafishia makaa ya mawe, ilivuja kutoka kwenye tangi kando ya mto Elk, West Virginia, Marekani. Chini kidogo ya mkondo palikuwa na mtambo wa maji ya bomba. Watu wapatao 300,000 wakakatazwa kuyanywa, kuyapikia wala kuyaogea. Tuipime hatari hiyo hatua kwa hatua.

Hatua ya 1. Inapaa, inaelea, inayeyuka au inazama? Wengi hukimbilia sumu kwanza. Anza hapa, ndipo utajua itamfikia nani. MCHM huyeyuka kidogo, ila ina harufu kali kama likorisi, mzizi mtamu unaotiwa kwenye pipi.

Hatua ya 2. Itaingiaje mwilini: kwa kunywa, kuvuta hewa au kugusa? Maji ya moto bafuni hutoa mvuke, msiusahau.

Hatua ya 3. Sumu ya papo kwa papo. Mfumo wa GHS wa Umoja wa Mataifa huangalia dozi ya kumeza inayoua nusu ya panya wa majaribio, kwa miligramu kwa kila kilo ya uzito: daraja la 1 haizidi 5, la 2 hadi 50, la 3 hadi 300, la 4 hadi 2,000. MCHM ilikuwa 825, basi daraja la 4. Inaonekana nafuu, sivyo? Lakini daraja hilo halisemi lolote kuhusu saratani au mimba, na karatasi ya usalama ya kemikali hiyo ilijaa "hakuna data". Hapo usiandike "salama", andika "haijapimwa".

Hatua ya 4. Kikomo ndani ya maji. CDC, kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, ilichukua dozi isiyodhuru panya, miligramu 100 kwa kilo kwa siku, ikagawanya kwa 1,000 kwa tahadhari: miligramu 0.1 kwa kilo kwa siku. Kwa mtoto wa kilo 10 ni 0.1 mara 10, yaani miligramu 1 kwa siku; akinywa lita moja kwa siku, kikomo ni miligramu 1 kwa lita.

MASWALI

*Shikamoo mwalimu. Nikichemsha je?*
Marahaba. Kuchemsha huua vijidudu. Kemikali nyingi hubaki, na zinazopaa utazivuta humo humo jikoni. Dawa ya klorini nayo si jibu.

*Lori la petroli likipinduka mtoni, ni daraja gani?*
Usianze na daraja, rudi hatua ya 1. Petroli huelea na kupaa, kwa hiyo moto na mvuke ndiyo hatari ya kwanza: watu wasisogee kuchota. Kisha pima benzini, kemikali iliyomo ndani ya petroli, maana huyeyuka kiasi majini na husababisha saratani.