Ugali na maziwa vinampofusha paka wa ghalani

Mahindi ya Iringa, Njombe na Ruvuma yakikaribia kuvunwa, wakulima huanza kutafuta paka wa kulinda ghala. Wanampata, wanamlisha ugali uliolowekwa kwenye maziwa, na baada ya msimu mmoja au miwili malalamiko ni yaleyale: paka mvivu, panya wanapita mbele yake naye anawaangalia tu. Ndugu zangu, wengi wa paka hao si wavivu. Huenda hawawaoni panya.

Paka anahitaji taurini, kirutubisho kilichomo katika nyama na samaki. Kwenye mahindi hakuna, na kwenye maziwa ya ng'ombe ni kidogo mno. Binadamu, mbwa na kuku hujitengenezea taurini mwilini. Paka hutengeneza kidogo sana, na kila siku hupoteza nyingine kwa sababu nyongo yake haifanyi kazi bila taurini, na sehemu ya nyongo hiyo hutoka na kinyesi. Ndiyo maana chakula kinachomnenepesha mbwa wako hakimtoshi paka.

Akiba ikiisha, seli za nyuma ya jicho zinazopokea mwanga huanza kufa. Watafiti wa Marekani walilionyesha hilo mwaka 1975. Mwaka 1987 Paul Pion na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Davis, wakaonyesha kuwa moyo nao hutanuka na kushindwa kusukuma damu. Moyo ukiwahiwa unaweza kupona akipewa taurini. Sehemu ya jicho iliyokufa hairudi, hata ukimlisha samaki mpaka azeeke. Madhara haya huchukua miezi mingi kujitokeza, na hapo ndipo mkulima anapodanganyika: anamwona paka mnono, manyoya yanang'aa, anadhani ugali unamfaa.

Kuna wanaomnyima chakula makusudi, eti akishiba hatakamata panya. Acheni hilo. Paka huwinda kwa silika, ameshiba au ana njaa. Mwenye njaa ya muda mrefu huhama tu kwenda kwa jirani. Wengine husema atajilisha panya. Ni kweli panya ana taurini nyingi, na paka anayekamata kila siku hujitosheleza. Lakini mnamfungia ndani ya ghala lililopigwa dawa, au mnamwanzishia ugali akiwa mtoto kabla hajafundishwa na mama yake kuwinda. Atampata wapi huyo panya? Na anayetega sumu ya panya huku anafuga paka anamuua paka kwa mkono wake, maana paka hula panya aliyekula sumu.

Sasa kipimo, na tafadhali kifuateni. Paka mzima wa kilo 3 hadi 4 apewe gramu 30 za dagaa wakavu wasio na chumvi kila siku. Pima mara moja kwenye mzani wa dukani, uone zinajaza kiganja chako kiasi gani. Kilo 1 inamtosha siku 33, na hiyo si gharama ukilinganisha na gunia moja lililotobolewa.

Suuza mchanga haraka, usiloweke. Weka maji nusu kikombe tu, chemsha dakika 10, kisha changanya dagaa na maji yake yote kwenye ugali usiozidi ukubwa wa yai. Hapa ndipo hata wanaonunua dagaa wanapoharibu. Taurini huyeyuka kwenye maji. Ukichemshia sufuria tele na kumwaga supu, umemwaga sehemu kubwa ya ulichokinunua. Nimelisema hili mikutanoni na bado nakuta supu inamwagwa nyuma ya jiko! Kitunguu na kitunguu saumu visiingie kabisa, vinaharibu damu ya paka.

Dagaa wakikosekana, tumia gramu 100 za moyo wa ng'ombe au wa kuku, uliokatwa vipande na kupikwa vivyo hivyo. Nyama ya paja la kuku ni bora kuliko ya kidari. Maini yasizidi mara moja kwa wiki, kwani vitamini A ikizidi humdhuru mifupa.

Gawa chakula mara mbili: asubuhi, na saa 11 jioni kabla hajaanza doria yake ya usiku. Anza angalau miezi miwili kabla ya kuingiza mahindi. Ukianza siku ya mavuno umechelewa. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban siku 65, aongezewe hadi gramu 45, na anayenyonyesha gramu 60. Akikosa taurini huzaa watoto wachache, wafu au waliodumaa, nawe utarudi kutafuta paka kwa watu.

Ukiona mboni zimebaki pana hata mchana, anagonga vitu gizani, au akiwa amelala anahema zaidi ya mara 40 kwa dakika, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Dozi ya taurini ya kumtibu ni kubwa kuliko dagaa wanavyoweza kutoa.

Anayelishwa vizuri utamjua: anaruka juu ya magunia usiku bila kukosea.

Wenye mahindi yatakayoingia ghalani Juni, dagaa waanze kununuliwa Aprili.