SOMO: Namna ya kuchagua gemu ya kushirikiana na marafiki (soma lote kabla ya kuuliza)

Wakuu, swali ni lile lile kila wiki: "Nipeni gemu kali ya kucheza na washkaji." Likija hivyo, halijibiki. Gemu inayowafaa wawili wanaokaa kochi moja haiwafai wanne walio mbalimbali, ambao mmoja wao ana kompyuta kuukuu na mwingine ana saa moja tu ya kucheza. Anzeni na watu, gemu itafuata. Na hapa nazungumzia gemu za kushirikiana tu: nyote upande mmoja dhidi ya gemu yenyewe. Za kushindana nyinyi kwa nyinyi hazimo.

Hatua ya 1: Jihesabuni. Hesabuni wanaokuja kweli, msiwahesabu waliosema "nipo" halafu wakapotea. It Takes Two (2021) inataka wawili kamili, mmoja haianzi na watatu hawaingii. Deep Rock Galactic na Helldivers 2 mwisho ni wanne. Valheim inabeba hadi 10.

Hatua ya 2: Chumba kimoja au intaneti? Soma maelezo ya gemu dukani kabla ya kulipa. Cuphead, kwa mfano, ni ya wawili kwenye skrini moja tu, haina njia yake ya kucheza kwa intaneti. Kwa wenye Steam (duka la gemu za kompyuta) ipo Remote Play Together: mwenye gemu anaiendesha, wenzake wanaona skrini yake na kutumia padi zao (vidude vya mkononi vya kuchezea) wakiwa kwao, bila kununua chochote. Ila mwenyeji ndiye anayerusha picha kwa wote. Kasi ya intaneti yake ya kupakia (kutuma) ikiwa ndogo, kila mtu ataona picha zinazoganda.

Hatua ya 3: Vifaa na matoleo. Usiishie kuuliza "unayo?" Uliza "unayo kwenye nini?" Minecraft ndiyo mfano mkubwa: toleo la Java na toleo la Bedrock haziingiliani kwa kawaida. Bedrock inaunganisha simu, konsoli (kama PS5 na Xbox) na kompyuta. Java ni ya kompyuta peke yake. Stardew Valley haiunganishi konsoli na kompyuta kabisa. Deep Rock Galactic ya Steam haikutani na ya Xbox, ingawa jina na picha ni zile zile.

Hatua ya 4: Dunia inakaa kwa nani? Hapa ndipo makundi mengi yanapovunjikia, na ndiyo hatua ambayo karibu hakuna anayeiuliza. Gemu nyingi za kujenga na kuishi zinahifadhi dunia, yaani ulimwengu wa gemu mnaoujenga, kwenye mashine ya mtu mmoja, yule aliyeianzisha. Kwenye Stardew Valley shamba ni la mwenyeji: asipowasha, hakuna anayeingia, hata kama ninyi watatu mmekaa tayari. Mnapanda, mnachimba, mnapanua nyumba, kisha mwenyeji anapata kazi mpya au anaichoka gemu, na jasho lenu lote linabaki kwenye kompyuta yake. Valheim ina nafuu kidogo: mhusika wako na mali aliyobeba vinakaa kwako, unaweza kuhamia dunia nyingine navyo, lakini majengo mliyojenga yanabaki kwa mwenye dunia.

Kwa hiyo kabla ya siku ya kwanza:
- Mwenyeji awe mtu anayepatikana kuliko wote, hata kama siye mwenye mashine kali zaidi. (Mashine ikiwa dhaifu mno, kodini seva, yaani kompyuta ya mtandaoni ya kuiweka dunia yenu.)
- Anakili faili la dunia mara kwa mara na kumpa mwenzake mmoja. Kwenye kompyuta ni kunakili folda tu.
- Kama ratiba zenu hazikutani, achaneni na gemu za dunia moja. Chukueni za misheni. Deep Rock Galactic inampa kila mchezaji maendeleo yake mwenyewe, unaingia na yeyote, misheni moja inaisha ndani ya saa, na mkiwa wachache maadui nao wanapungua.

Hatua ya 5: Chagueni kwa kumtazama aliye mgeni zaidi. Mzoefu atafurahi karibu popote. Mgeni akifa mara kumi mfululizo huku wenzake wanamsubiri, hatarudi. Helldivers 2 ni tamu, lakini risasi zako zinamuua mwenzako vilevile, na mkubaliane mapema kwamba hilo halina ugomvi. Kama kuna aliyekwisha kumaliza Portal 2, ambayo ni gemu ya mafumbo, majibu ameshayajua, basi anyamaze na afuate amri za mwenzake.

Hatua ya 6: Jaribuni mapema. Steam inarudisha fedha ukiomba ndani ya siku 14 na hujacheza zaidi ya saa 2. Jaribuni nyote usiku mmoja, msiinunue leo mkaja kuifungua mwezi ujao.

MASWALI YA WADAU

mwewe_kimya: Somo zuri mkuu. Sasa ipi kali ya kucheza na mshkaji?

Jibu: Hatua ya 1 hadi ya 3. Zijibu, kisha uliza tena.

mwewe_kimya: Sawa sawa. Tuko wawili, kila mtu kwake. Yeye PS5, mimi kompyuta.

Jibu: Hapo umeuliza. Split Fiction (2025). Inaunganisha PS5 na kompyuta, na mmoja akinunua, mwenzake anapakua Friend's Pass bure na mnacheza mwanzo hadi mwisho. It Takes Two nayo ina Friend's Pass, ila hiyo haivuki kutoka konsoli kwenda kompyuta, kwa hiyo kwenu haifai.

bingwa_wa_mtaa: Umesahau gemu za mpira.

Jibu: Aya ya kwanza, sentensi ya mwisho.

tufe_la_bluu: Mwenzangu hajawahi kushika padi maishani na ameomba mwenyewe kufundishwa. Tulijaribu Portal 2, akawa anatazama sakafu au dari muda wote, tukaacha. Nilimkosea wapi?

Jibu: Hukumkosea, na hongera kwake kwa kuomba. Shida ni kwamba kidole gumba cha kushoto kinatembeza na cha kulia kinageuza macho, vyote kwa pamoja. Kwetu ni mazoea. Kwa mgeni ni kazi ngumu kabisa. Mpe kwanza gemu ambayo kamera inajiendesha au imetulia juu. Overcooked! All You Can Eat ni mahali pazuri, kwa sababu kazi ni kushika, kukata, kupika na kupeleka, na ina hali ya usaidizi inayoongeza muda. Msihangaikie nyota za alama, mpe kituo kimoja tu, tuseme kuosha sahani, hadi mikono izoee. Ikifuata Stardew Valley, ashike kumwagilia mwenyewe bila wewe kumharakisha. Jueni tu kwamba mkiwa wawili saa ya gemu haisimami mtu akifungua begi lake, na siku haiishi hadi nyote mlale. Akishazoea ndipo mrudi Portal 2. Mwache asimame chumba cha kwanza dakika tano azungushe macho tu, na usimshikie padi.

tufe_la_bluu: Asante sana. Kweli nilikuwa namshikia padi.

kigogo_cha_usiku: Hatua ya 4 umekuza mambo. Sisi tunacheza Stardew muda mrefu na hatujawahi kukwama.

Jibu: Kwa sababu mwenye shamba lenu anapatikana. Muulizeni kama amewahi kunakili faili.

kigogo_cha_usiku: Hajawahi.

Jibu: Anakili leo.

padi_moja: Mimi na ndugu yangu tuko kwenye Steam Families, ile ya familia kuchangia maktaba ya gemu. Tukinunua nakala moja tunacheza pamoja?

Jibu: Hapana. Kuchangia maktaba ni kupokezana. Wawili ndani ya gemu moja kwa wakati mmoja ni nakala mbili, isipokuwa gemu yenyewe ina pasi ya rafiki au mtumie Remote Play Together.

nyuki_wa_jioni: Sisi tuko watano, kompyuta moja, wengine wana simu za kawaida. Tukate tamaa?

Jibu: Hata kidogo, ninyi mna gemu yenu: Keep Talking and Nobody Explodes. Mmoja anaona bomu kwenye skrini, wengine hawalioni. Wao wana mwongozo wa kulitegua, nao hupakuliwa bure. Mnasaidiana kwa maneno tu: "Nyaya ngapi?" "Nne, ya mwisho nyekundu." "Namba ya bomu inaishia na ngapi?" Inatosha nakala moja, na wasomaji wanaweza hata kuwa kwenye simu ya kawaida, mwongozo ukiwa umechapwa. Gawaneni kurasa kabla ya kuanza, la sivyo wanne mtasoma ukurasa mmoja.

nyuki_wa_jioni: Tulishawahi kujaribu kuongea wengi kwa pamoja, nikawa najisikia sauti yangu inajirudia. Maiki yangu mbovu?

Jibu: Maiki yako nzima. Ukisikia sauti yako mwenyewe inarudi, inatoka kwenye spika ya mwenzako na kuingia kwenye maiki yake. Mwambieni kila mmoja azime maiki kwa zamu huku wewe unaongea. Yule ambaye akizima mwangwi unakoma, huyo avae hedifoni.