Kufufua uwanja wa gofu wa Lubumbashi baada ya kiangazi cha baridi

Mwishoni mwa Agosti, nyasi za uwanja wa gofu mjini Lubumbashi huonekana zimekufa. Mvua imekatika tangu Aprili, usiku wa Juni na Julai umeshuka chini ya digrii 10, na vumbi jekundu limelala juu ya kila kitu. Hapo ndipo wengi hukimbilia mbolea ili kijani kirudi upesi, na hilo ndilo kosa baya kuliko yote. Ukoka, yaani nyasi za uwanja huo, hulala udongo unapopoa, na mizizi iliyolala hainywi mbolea. Mbolea hubaki kama chumvi kwenye udongo mkavu na kuunguza machipukizi ya kwanza. Utaratibu ni joto, maji, hewa, kisha chakula.

Kabla ya kazi yoyote, jua kilicho hai. Kwangua kikonyo, yaani shina linalotambaa juu ya ardhi, kwa kucha: kikiwa cheupe na kigumu ndani, ukoka umelala tu, kikiwa cha kahawia na kikikatika kama kijiti kikavu, umekufa. Ukitaka uhakika, chimba mabonge ya kina cha sentimita 10 mlimani, bondeni, chini ya miti na kando ya njia ya miguu, uyaweke mahali penye joto na jua huku ukiyanywesha kila siku. Yaliyo hai huchipua ndani ya siku 14 hivi. Ramani hiyo itakuzuia kupanda upya mahali pasipohitaji.

Maji ya Septemba hayatoshi uwanja mzima, kwa hiyo anza na grini (eneo la nyasi fupi lenye shimo la mpira), kisha tii (mahali pa kuanzia kupiga), kisha fewei (njia ya nyasi kati ya hizo mbili). Nyasi zinazoamka zinahitaji milimita 25 za maji kwa wiki, yaani lita 25 kwa mita ya mraba. Grini ya mita za mraba 500 hunywa lita 12,500. Gawa katika mara mbili au tatu, alfajiri, ili maji yashuke chini. Kunyunyiza kidogo kila siku hufundisha mizizi kukaa juu, na jua la Oktoba huikuta hapo hapo. Panga makopo tupu kwenye grini, washa mitambo dakika 20, kisha pima maji kwa rula. Makopo yakitofautiana sana, kuna kichwa cha kunyunyizia kilichoziba au presha ni ndogo, na mabaka makavu yanatoka huko.

Baka lingine hubaki kavu hata likimwagiwa. Dondosha tone la maji kwenye udongo wake: likikaa kama shanga zaidi ya sekunde 5, udongo umeanza kukataa maji kwa sababu ya mabaki ya mimea yaliyofunika chembe za mchanga. Choma matundu ya sentimita 10 kwa uma wa bustani, kisha nywesha kwa awamu tatu zenye mapumziko ya robo saa.

Majani makavu yaondoe kwa mashine yenye kisu kikali, ukishusha kimo hatua kwa hatua. Usiyachome. Moto unaosafisha mashamba ya pembeni unaweza kuua vikonyo vinavyotambaa juu ya ardhi na kuyeyusha vichwa vya plastiki vya maji.

Kutoboa udongo ili hewa iingie hufanywa kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Oktoba, ukoka ukiwa umeanza kukua. Ukitoboa Julai, vidonda havifungi. Tumia mashine yenye meno matupu (yenye uwazi ndani, yanayotoa udongo) ya milimita 12, kina sentimita 8, nafasi sentimita 5, kwenye udongo wenye unyevu. Katika udongo mkavu wa hapa meno hupinda. Matundu yatakuwa 400 kwa kila mita ya mraba na yatameza takriban lita 3.6 za mchanga. Ongeza tabaka la milimita 3 juu, ambalo ni lita 3 nyingine. Grini ya mita za mraba 500 inahitaji mita za ujazo 3.3, kwa hiyo agiza 4.

Mchanga wenyewe ujaribu. Jaza theluthi ya chupa, ongeza maji, tikisa, acha saa moja. Ukiona tabaka nene la tope juu, ukatae, kwa kuwa tope hilo litaziba matundu uliyotoka kuyafungua. Kwa sababu hiyo hiyo udongo wa kichuguu, mzuri kwa matofali, haufai hata kidogo kwa grini.

Sasa mbolea. Kwa urea yenye nitrojeni asilimia 46, gramu 5.4 kwa mita ya mraba zinatosha, yaani kilo 2.7 kwa grini hiyo. Changanya na mchanga mkavu, mwaga nusu ukienda kwa urefu na nusu kwa upana, kisha nywesha papo hapo, maana urea ikibaki juu huunguza majani na nitrojeni hupotea hewani. Rudia baada ya wiki tatu. Usimwage mawingu mazito yakiwa yamejikusanya. Mvua kubwa itaisomba yote.

Sehemu zilizokufa kweli, panda vikonyo vya sentimita 10 hadi 15 vyenye vifundo viwili au vitatu, kina sentimita 4, ncha ikibaki nje, nafasi sentimita 15. Visikauke hata siku moja kwa wiki mbili za kwanza. Upara usiopona mwaka baada ya mwaka, huku maji yapo, upimiwe udongo: katika mji ulioyeyusha shaba kwa zaidi ya miaka 100, metali inaweza kuwa ndiyo inayozuia mizizi.

Grini usiirudishe kwenye kimo cha kukata cha milimita 5 mpaka matundu yafunge. Anza na 8 na upunguze milimita moja kwa wiki, bila kukata zaidi ya theluthi ya jani kwa mara moja. Wachezaji watalalamika kwamba mpira hauendi. Wavumilie, na muda huo uutumie kuzibua mifereji na kuondoa tope bankani (mashimo ya mchanga) kabla ya mvua za Novemba.