Koyoti mtaani: mambo ya kuzingatia kabla hujakutana naye

Ukihamia Chicago, Marekani, usidhani koyoti, mnyama wa porini wa jamii ya mbwa, anaishi jangwani tu. Mwezi Aprili 2007 mmoja aliingia katika duka la sandwichi katikati ya jiji hilo, akajilaza ndani ya jokofu la vinywaji. Anafanana na bweha, ila ni mkubwa zaidi: kwa kawaida kilo 9 hadi 16.

Maandalizi yanaanzia uani kwako. Koyoti hula sana panya na sungura, lakini akionja chakula cha bure atarudi kesho, na akizoea watu anapoteza woga. Hatari inaanzia hapo. Pipa la taka liwe na kifuniko kinachobana, bakuli la mbwa lisilale nje, na matunda yaliyoanguka yaokotwe. Hata mbegu za kulishia ndege zinaita panya, na panya wanamwita koyoti. Zungumza na jirani pia, maana kama yeye anamtupia mifupa, pipa lako lililofunikwa halitasaidia kitu.

Mbwa mdogo ndiye aliye hatarini kuliko wewe. Mtembeze kwa kamba fupi, isizidi mita 2, na usimwache peke yake uani usiku, hata kama kuna uzio. Koyoti anajua kukwea. Paka alale ndani.

Jua pia majira yao. Wanapandana kati ya Januari na Machi, na watoto huzaliwa zaidi Aprili na Mei. Miezi inayofuata unaweza kumkuta koyoti anakufuata nyuma kwa mbali, ukisimama anasimama, ukienda anakuja. Wengi hudhani anawinda mtu. Mara nyingi anakusindikiza utoke karibu na pango lenye watoto wake. Hapo usimfukuze: mtazame, rudi nyuma polepole, na kwa wiki kadhaa pita njia nyingine.

Mahali pengine popote, akikusogelea, mtishe. Simama wima, inua mikono, piga kelele nzito, tumia filimbi, wala usiache mpaka aondoke. Ila mwachie upenyo wa kukimbilia. Wewe usikimbie kamwe, kwa sababu ukikimbia unamwamsha akufukuze. Mtoto mdogo mbebe. Hili lifanyieni mazoezi nyumbani na watoto, kwani mtoto akishtuka, miguu hutangulia akili.

Akikuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyohiyo ukaulizie chanjo ya kichaa cha mbwa, hata kama ni mkwaruzo. Vifo vya watu vinavyojulikana Marekani na Kanada ni viwili tu, 1981 na 2009, kwa hiyo hakuna haja ya kujifungia ndani. Hifadhi namba mapema kwenye simu: 911 kwa dharura, na kwa Chicago 311 kuripoti koyoti mgonjwa au aliyezoea watu kupita kiasi.