Namna ya kuunda bendi ya roki ya kujitegemea mjini Tabora

Tabora si mji mgeni kwa magitaa. Bendi za dansi za Kiko Kids, Tabora Jazz na Nyanyembe Jazz zilitokea hapa, kwa hiyo kijana anayetaka kuunda bendi ya roki yenye tungo zake mwenyewe, isiyo chini ya mfadhili, atawapata wasikilizaji. Kazi kubwa ni vyombo.

Katika enzi ya muziki wa dansi, vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya taasisi au ya tajiri. NUTA Jazz, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mwanamuziki aliyehama aliondoka mikono mitupu. Bendi inayojitegemea iandike mapema, kwenye daftari moja, kila gitaa na kila spika ni ya nani, na itakuwaje mwenye chombo akijitoa. Hili likiachwa, ugomvi utakuja siku ya onyesho.

Watu wanne wanatosha: wapigaji wa gitaa la solo, gitaa la ridhimu, gitaa la besi na drams, mmoja wao akiwa mwimbaji. Pedali ya kukwaruza sauti ya gitaa, ambayo ndiyo roho ya roki, mara nyingi hutumia betri ya volti 9, hivyo nunueni pedali hiyo kabla ya kuwazia amplifaya kubwa.

Mazoezini, drams ndizo kipimo cha sauti kwa kuwa hazina kitufe cha kuzipunguza. Tandikeni zulia chini yake na muweke blanketi ndani ya ngoma ya mguu ili isivume. Kisha fungueni maiki mpaka maneno yasikike wazi juu ya drams, na magitaa yapandishwe mwisho, yakomee pale ambapo mwimbaji bado anasikika. Wengi huanza na magitaa, halafu wanamlaumu mwimbaji kwamba hana pumzi. Spika ikipiga mluzi, maana yake maiki inanasa sauti inayotoka kwenye spika na kuirudisha humo humo. Sogezeni spika mbele ya mwimbaji, zielekee kwa watazamaji. Amplifaya na mikisa, yaani mashine ya kuchanganyia sauti, vichomekwe kwenye soketi zenye waya wa ardhi, kwa sababu pasipo waya huo mpiga gitaa anayeimba anaweza kupigwa na umeme midomo yake inapogusa maiki.

Katika utunzi, kumbukeni kwamba mkazo wa maneno mengi ya Kiswahili huangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Pigo zito la drams likiangukia hapo, wimbo utaimbika. Likiangukia kwingine, utasikika kama umetafsiriwa.

Kabla wimbo haujatoka, andikeni na kutia saini nani alitunga nini na kwa mgawo upi, kisha mjisajili Baraza la Sanaa la Taifa, BASATA, na tungo mzipeleke COSOTA, inayosimamia hakimiliki chini ya sheria ya mwaka 1999. Habari za vibali vya maonyesho muulizeni afisa utamaduni wa manispaa.

Maonyesho ya wazi yapangwe baada ya mvua kukatika, masoko ya tumbaku yakiwa yamefunguliwa na watu wana fedha za kiingilio. Nusu saa ya nyimbo zilizoiva inatosha. Mapato yakihesabiwa, toeni kwanza fedha za nyuzi, betri na usafiri, kisha kinachobaki ndicho kigawanywe.